Kaburi la Mawe na Fulana ya Mjomba

Bibi yangu aliponiambia nimchunguze mke wa mjomba na nimletee habari ya kila nitakachokiona, nilitakiwa nikatae. Umri wa kuelewa nilikuwa nao. Mtoto wa miaka kumi anajua tofauti ya kutumwa chumvi dukani na kutumwa jambo ambalo mtumaji anafunga mlango kwanza ndipo aliseme. Bibi aliufunga mlango. Akanikalisha kitandani pake, akanishika mikono yote miwili, akanambia, "Mume wangu, kwenye nyumba hii mwanamume umebaki wewe." Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Wenzangu mliolelewa na bibi mnajua utani huo wa kuitwa mume. Ukimaliza chai yako wewe ni mume mzuri, ukilia wewe ni mume gani huyu, na siku yoyote utaachwa aolewe na mwengine. Siku ile hakuwa anatania, na mimi nilivimba kifua kwa fahari. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikubali kwa woga. Sikuogopa. Nilifurahi kuaminiwa.

Haya yamenirudia kwa jambo dogo. Juzi hapa kwangu Kenton, pembeni mwa London, nilikuwa nachana shati langu kuukuu nipate vitambaa vya kufutia vioo, na ule mlio wa pamba inayochanika ukanisimamisha nikabaki na mkasi mkononi. Mara ya kwanza kuusikia mlio huo kwa masikio ya kutega nilikuwa nyuma ya mlango, katika nyumba ya mawe huko Ayalandi, napeleleza.

Tulikuwa tunakaa London, nyuma ya barabara ya Edgware Road, Bibi, Mama na mimi, vyumba viwili vya juu na jiko la kushirikiana. Baba alibaki Unguja. Hilo ndilo neno lililotumika, "alibaki," na kila nilipouliza atakuja lini, watu wazima walikumbuka kuna kitu jikoni kinaungua. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye dobi la hoteli, na siku nyingine alikuwa anashinda Croydon kwenye foleni ya makaratasi yetu ya uhamiaji. Aliyenipeleka shule asubuhi, aliyenifundisha baiskeli, aliyekwenda kusimama mbele ya mwalimu niliposingiziwa kuiba kalamu, alikuwa Mjomba Salum, kaka yake Mama. Yeye aliniita mjomba na mimi nikamwita mjomba, kama ilivyo kwetu, na watoto wa Kiingereza darasani hawakujua nani ni mkubwa wa mwenzake.

Mjomba alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na huko ndiko alikompata Nora, muuguzi, Muayalandi, mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya manjano ya bizari. Walioana bila ya kumuuliza Bibi. Bibi hakulitamka jina lake hata siku moja. Alikuwa "yule," na alipochukia sana alikuwa "yule mrefu."

Mwanzo Bibi alivumilia. Lililomshinda ni chakula. Kila Ijumaa Mjomba alikuwa anakuja kula kwetu baada ya sala, na kila Ijumaa alikula kama anayeshindana. Mwaka ule akaanza kusukuma sahani. Akakonda, kola ya shati ikawa inamzunguka shingo kama ya kuazima. Akila tonge mbili anashika tumbo, anasema kashiba.

"Amenikatalia pweza," Bibi alimwambia Mama. "Pweza wa nazi! Kanisukumia sahani kama anayefukuza paka."

"Labda hana njaa, Mama."

"Salum? Salum aliyekuwa akilamba chungu mpaka chungu kinaomba msamaha? Mwanamume haachi chakula cha mamake hivi hivi. Ameachishwa." Akashusha sauti, ingawa jikoni tulikuwa sisi watatu tu. "Na akimalizana na tumbo lake atamchukua ampeleke kwao. Hamtamwona tena. Mtakumbuka maneno yangu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniingia. Nilishakuwa na baba aliyebaki mahali. Sikutaka na Mjomba naye abaki mahali.

Kwa hiyo Mjomba alipokuja kuomba anichukue likizo ya kiangazi, wiki mbili kwa baba yake Nora, wote tulitegemea Bibi atakataa. Akasema, "Mchukueni." Usiku ule ndipo akafunga mlango wa chumba chake. Maagizo yalikuwa mafupi. Nisile kitu ambacho Mjomba hakukila kwanza. Nikimwona yule anakata nywele za Mjomba, au kucha, au nguo yake, nimfuate nione anapeleka wapi. "Na ukiona kafunga fundo, mume wangu, lifungue. Sema bismillahi, lifungue, uniletee."

Tulipanda treni Euston, kisha meli. Siku zile mabomu ya wapiganaji wa Kiayalandi yalikuwa yanalipuka London, na mtu mwenye lafudhi ya Kiayalandi alikuwa anaangaliwa mara mbili kila aendako; mtu mweusi na mke wa Kiayalandi walikuwa wanaangaliwa mara nne. Bandarini afisa mmoja alituweka pembeni akamwaga mkoba wa Anti Nora mezani. Nikasogea. Nilikuwa kazini. Ikatoka tasbihi yenye msalaba, mkebe wa peremende, na kichupa cha plastiki chenye umbo la mwanamke, kofia yake ya buluu ndiyo kifuniko, na ndani yake maji. Mwanamke ndani yake mna maji! Nilitamani Bibi angekuwepo akaona kwa macho yake.

Afisa akaninyooshea kidole. "Huyu mtoto wa nani?"

"Wetu," akasema Anti Nora, hata hakufikiri.

Leo najua alivyosema vile alikuwa ananikinga, kwa sababu mtoto asiye wa mtu pale bandarini angebakishwa kuulizwa maswali. Siku ile nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba kumbe simchungi Mjomba peke yake. Hata mimi nimeshahesabiwa kwenye mzigo wa kuchukuliwa.

Nyumba ya baba yake Nora ilikuwa peke yake chini ya kilima, upande wa magharibi, mahali ambapo mvua hainyeshi, inaelea. Mzee alikuwa na kofia ambayo nadhani alilala nayo, na mbwa aliyepofuka jicho moja. Mjomba alimwita "Mzee," akamweleza maana yake, na yule baba akalipenda jina akawa anajiita hivyo mwenyewe: "Mzee anataka chai." Nilitaka kumchukia nikashindwa, lakini sikumwamini, kwa sababu walikuwa wanachoma udongo. Sisemi kuni, wala makaa. Walikuwa wamekata udongo mweusi kama matofali, wakaukausha, wakautia motoni, na udongo ukawaka! Moshi wake ulikuwa mzito, mtamu kidogo, unaingia kwenye sweta na kwenye mkate na kwenye mto wa kulalia. Bibi alinifundisha kwamba moshi wenye harufu haufukizwi bure, kila moshi una anayeitwa. Nikakaa macho nikisubiri nimjue anayeitwa ni nani.

Halafu kulikuwa na sufuria. Siku ya kwanza Anti Nora alitoa kwenye karatasi sufuria mpya na kikaango kipya, akasema kwa Kiswahili chake cha kuparamia, "Hii ya nyinyi. Mzee hapana gusa." Mjomba alicheka kwa furaha, akambusu kwenye paji la uso mbele yangu na mbele ya mbwa. Mimi nilielewa mengine. Chakula chetu kinapikwa mbali, chao mbali. Basi akitaka kututilia kitu, cha kwetu anakijua. Nilikuwa Muislamu mwana wa Waislamu, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mwanamke yule alinunua vyombo vipya kwa sababu vya nyumba ile vilikuwa vimepikiwa nguruwe miaka yote.

Nikala mayai ya kuchemsha tu, ambayo hayaingiliki. "Huyu mtoto atatoka manyoya," Mzee akasema.

Siku moja mezani Anti Nora akasema kesho atanipeleka juu ya kilima kuangalia mawe. Mzee akaweka kijiko chini.

"Mpeleke akaone," akasema. "Asiguse kitu."

"Kuna nini?" nikamuuliza Mjomba kwa Kiswahili.

"Kaburi, mjomba. La watu wa zamani. Kabla ya wafalme, kabla ya kanisa, kabla hata ya hao tunaowaita watu wa zamani."

"La nani?"

Mjomba akamuuliza Mzee. Mzee akatikisa kichwa. "Hakuna aliyebakia wa kujua majina yao."

Hapo nikaliweka yai chini. Bibi alikuwa amenisimulia mizimu ya kwao Makunduchi, Unguja, mapango ambamo watu hupeleka ubani na mayai na maji ya waridi, na vitambaa vyeupe na vyekundu vikaning'inizwa mlangoni. Katika masimulizi yake, mzimu mkali kuliko yote ulikuwa ule ambao aliyelala pale hajulikani jina, maana huwezi kumsomea dua, na hivyo anayemwendea huenda kwa mengine.

Jioni ile ile, Mjomba amelala, Anti Nora akachukua fulana yake iliyokuwa kitini. Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, jicho kwenye ufa. Aliikunjua, akaitandaza mapajani, akaipapasa mpaka akafika sehemu ya tumboni. Akaikata kidogo kwa mkasi, kisha akaichana kwa mikono, na ule mlio ukanipita mwilini. Kipande kikatoka kirefu, upana wa vidole viwili. Akakinusa. Kwa macho yangu mawili, alikinusa, kisha akakitia kwenye mfuko wa aproni. Fulana iliyobaki akaificha chini ya nguo chafu.

Jasho lake, nikajisemea. Kachukua jasho la Mjomba.

Asubuhi tukapanda kilima watatu. Majani yalikuwa yamelowa mpaka magotini, na kila shamba lilikuwa na ukuta wa mawe wa kurukia. Kondoo walitukazia macho. Katikati ya njia Mjomba akakaa juu ya ukuta, mkono tumboni, uso umekuwa wa majivu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitawachunga hawa kondoo wasije wakaleta fujo."

"Salum," Anti Nora akasema.

"Nimechoka tu. Nenda na mjomba wangu. Mjomba, mshike mkono asianguke, mrefu mwenyewe akianguka ataangukia wilaya ya pili."

Alicheka peke yake. Nikamshika Anti Nora mkono. Ulikuwa umelowa jasho, na baridi ilikuwa kali.

Kaburi lenyewe sikulijua mpaka tulipokuwa juu yake. Kwa mbali ni rundo la mawe tu, kubwa kama msikiti mdogo, majani yameota mgongoni. Upande mmoja kulikuwa na mawe mawili yamesimama, marefu kuliko Mjomba, na jiwe la tatu limelala juu yao, na chini yake tundu jeusi. Anti Nora akawasha tochi akainama, akaingia kama anayeingia chini ya kitanda. Sikutaka kuingia. Nikakumbuka nani kanituma, nikaingia.

Mle ndani upepo ulikatika ghafla mpaka masikio yakaniwasha. Kulikuwa na harufu ya jiwe lililolowa na kondoo waliojikinga mvua. Njia ilikuwa nyembamba, kisha ikafunguka kukawa na chumba kidogo unachoweza kusimama, na juu mawe yamepangwa yakiegemeana mpaka yakafunga, bila saruji, bila chochote. Alinimulikia jiwe moja lenye duara ndani ya duara ndani ya duara, zimechimbwa na mtu kwa subira ambayo hata leo siijui.

"Waliwaleta hapa," Anti Nora akasema taratibu kwa Kiingereza. "Waliowapenda. Wakayabeba mawe haya yote kwa mikono."

Maneno mazuri. Mimi nilikuwa naangalia mfuko wake.

Tulipotoka akazunguka nyuma ya rundo, na pale ndipo nilipouona mti. Ulikuwa mfupi, wa miiba, upepo umeulaza upande mmoja kama mtu anayekimbia. Umejaa vitambaa. Riboni, vipande vya shuka, soksi ya mtoto, tai ya mwanamume, vingine vipya, vingi vimeoza vimekuwa kijivu. Kilikuwa kitu kile kile alichonisimulia Bibi! Bahari ngapi kati yetu na Makunduchi, na kitu ni kile kile. Sikuwa na shaka tena hata chembe, na nakiri kwamba nilihisi raha, ile raha ya mtu ambaye tuhuma yake imethibitika.

Akakitoa kipande cha fulana. Akakifunga kwenye tawi, mafundo matatu, midomo inamtikisika. Akamimina maji ya kile kichupa cha mwanamke kwenye fundo. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, nikasema ni upepo.

"Usimwambie mjomba wako," akanambia. "Atanicheka. Hii iwe ya mimi na wewe."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo ya pili hiyo, ya kwanza nilishampa Bibi.

Ningeweza kumuuliza. Swali lilikuwa fupi: Anti, hiki ni cha nini? Angenijibu, kwa sababu nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia. Lakini mpelelezi haulizi.

Kesho yake kulipopambazuka nilivaa koti juu ya pajama nikapanda kilima peke yangu. Mafundo yalikuwa yamekazwa na maji, nikayafungua kwa meno, bismillahi juu ya bismillahi, mwiba ukanichana kidole. Nilikitia kipande ndani ya soksi. Nikarudi nikikimbia, na penye ukuta wa mwisho alikuwa amesimama Mzee na mbwa wake.

Aliniangalia viatu. Aliniangalia kidole.

"Umechukua kitu kule?"

"Hapana."

"Kijana." Alisema polepole, kama anayemsemesha mnyama asije akakimbia. "Pale mtu anaacha. Hapachukuliwi kitu. Ukiwa umechukua, sasa hivi unaweza kurudisha, na Mzee hajaona chochote."

Alinifungulia njia, akageuza uso kuangalia upande mwengine, kweli kweli, ili nipite nirudi juu. Nilisimama pale. Nikamwona mbwa ananitazama kwa jicho lake moja. Kisha nikapita kwenda nyumbani kunywa chai.

London nilimpa Bibi kitambaa kabla hata ya kuvua koti. Alikishika kwa ncha za vidole, akakinusa kama alivyokinusa Nora, na machozi yakamtoka. "Jasho la mwanangu," akasema. Alinikumbatia. Hapo nilikuwa mume kuliko waume wote.

Ijumaa akawaita wote wawili. Nora hakuwahi kuitwa kwetu, akaja amevaa gauni la mikono mirefu na kilemba kichwani alichojifunga vibaya, ametengeneza keki. Mkeka umetandikwa, kawa nyekundu ya Bibi ya kufunikia chakula iko katikati. Mama alikuwa anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa, nadhani alishaambiwa. Mjomba akakaa, akasugua mikono.

"Leo nitakula, Mama. Leo nitajitahidi."

Bibi akainua kawa. Juu ya sahani nyeupe hapakuwa na wali wala mchuzi. Palikuwa na kile kipande cha fulana.

Nora aliangalia sahani, kisha akaniangalia mimi. Sikuona hasira usoni mwake. Aliniangalia kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta kimehamwa.

"Muulize mkeo," Bibi akasema, "kwa nini kamfunga mwanangu kwenye mti wa makafiri."

Mjomba akakiokota. "Hii fulana yangu. Nora?"

Nora akaeleza kwa Kiingereza, haraka, akiogopa kukatizwa. Kwao, mtu akiumwa, kipande cha nguo iliyogusa penye maumivu kinafungwa pale. Kikioza kwa mvua na upepo, na maradhi yanaondoka nacho. Mama yake alifanya hivyo kwa ajili yake alipokuwa mdogo. Maji ya kichupa yalikuwa ya baraka, ya kanisani kwao. Alijua ni mambo ya kizee. Alikuwa anaogopa tu.

"Anaogopa nini?" Bibi akauliza alipotafsiriwa.

Mjomba akavuta pumzi. "Nina uvimbe tumboni, Mama. Watanipasua mwezi ujao. Sikutaka ujue mpaka yaishe. Pweza wako sikumkataa. Nikimla nashinda chooni natapika damu."

Hapo mambo yangeweza kugeuka. Nilimwona Bibi anayumba. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea tumboni mwa mwanawe, ukafika nusu ya njia. Lakini alikuwa ameshasema makubwa mbele ya watu, na ameshainua kawa.

"Huo uvimbe nani kautia?" akasema. "Ulitoka nao Unguja? Mwache, Salum. Hapa hapa, mbele yangu, umwache, na mimi nitakuuguza."

"Mama, unajua unachoniambia?"

"Namwambia mwanangu."

Mjomba alinigeukia mimi. "Mjomba, hiki ulikifungua wewe?"

"Ndiyo."

"Ulitumwa na nani?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anaangalia mkeka. Nilijua nikimtaja, hasira itamwendea yeye, na mimi nitakuwa mtoto tena, mtoto aliyetumwa, anayesameheka. Nilijua pia kwamba mwanamume hasemi.

"Hakuna," nikasema. "Nilimwona anakuroga, nikakifungua mwenyewe."

"Anakuroga," Mjomba akalirudia neno, pole pole. "Sufuria alikununulia mpya, mjomba. Ulikula mayai siku kumi na nne, anaingia bandani kukuokotea mwenyewe yale ya moto. Anakuroga."

Aliinuka kwa taabu, Nora akamshika kiwiko. Kitambaa akakitia mfukoni. Keki ilibaki pale kwenye mkeka, Mama akaja kuitupa siku ya tatu, haijakatwa.

Walimpasua, uvimbe haukuwa ule mbaya zaidi, akapona. Habari hizo tulizipata kwa Mama, ambaye alikuwa anakwenda kumwona hospitali akisema anakwenda Croydon. Kabla ya mwaka kwisha wakahamia Ayalandi, kwa Mzee. Kwa hiyo Bibi alisema kweli kwamba yule atamchukua ampeleke kwao. Aliisema kweli hiyo mpaka tukaifanya iwe kweli.

Kila sikukuu Mjomba alimpigia Mama simu kazini, na kila mara aliuliza, "Mjomba wangu hajambo?" Mama alinieleza. Nilipokuwa mkubwa na tuna simu nyumbani, Mama alikuwa ananinyooshea mkono wa simu. "Sema naye." Nilikuwa natikisa mkono, nakwenda chumbani. Nilifikiri lazima nipate kwanza maneno ya kutosha. Bibi alipofariki Mjomba alikuja kaburini siku ya pili yake, sisi tumeshaondoka, akamsomea peke yake akarudi na ndege ya jioni. Niliambiwa akiwa bado njiani kuelekea uwanja wa ndege. Nilikuwa na gari. Nilibaki nyumbani kupokea wageni wa msiba, nikajiambia kwamba wageni hawaachwi.

Nilioa, nikapata watoto, nikafanya kazi ya kuendesha basi mpaka nikastaafu. Wanangu wanaelewa Kiswahili wananijibu Kiingereza, na hawajui kwamba wana mjomba wa baba yao. Sikuwahi kuwaambia, maana wangeuliza kwa nini hatuendi.

Majira ya baridi yaliyopita akanipigia mwanamke mwenye lafudhi ya kule. Akasema ni binti wa Salum, na amepata namba yangu kwenye barua ya zamani ya Mama yangu. Baba yake alifariki usingizini. Wamemzika kwa dini yake, imamu alitoka mjini. Mama yake, Nora, yuko hai, anasikia vibaya. Kisha akasita akauliza kama kuna kitu ningependa kumwambia mama yake.

"Mwambie," nikasema, "mwambie nilitumwa." Nikasikia mwenyewe nilivyosema, na jinsi nilivyomsukumia marehemu Bibi mzigo wote. "Hapana. Usimwambie hivyo. Mwambie nilikubali."

Sikumpoteza Mjomba kwa maradhi, wala kwa uchawi, wala kwa mkewe. Alipona, akaishi mpaka akazeeka, saa moja na nusu tu kwa ndege kutoka hapa, akalea watoto, akaniulizia kila Idi. Miaka yote hiyo nilikuwa na mtu aliyenitaka kama baba anavyomtaka mwanawe, na kwa sababu ya ndiyo moja niliyoisema nikiwa na miaka kumi, na aibu ambayo sikuwa na ujasiri wa kuivua, sikukaa naye tena hata kwa kikombe kimoja cha chai.